Je, ni kweli Marekani mtu hupimwa kwa gari lake?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi nina miaka 34, mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wa sita naishi Arlington, Texas. Naezeka mapaa kwenye kampuni ndogo, mke wangu anahudumia wazee usiku. Tukijumlisha, baada ya kodi tunaingiza kama dola 5,400 kwa mwezi, na kila mwezi namtumia mama dola 300. Naendesha Corolla ya 2012, haina deni. Tatizo ni kwamba kila tukienda harusini au msibani kwa Waswahili wenzetu, nje pamejaa BMW, Mercedes na pikapu mpya, na mke wangu anasema anaona aibu kushuka kwenye Corolla. Wenzangu wananiambia hapa Marekani gari ndiyo mtu. Nimeenda yadi nikakubaliwa mkopo wa dola 38,000 kwa gari la Kijerumani la miaka mitatu, riba asilimia 14, miezi 72. Rafiki yangu anasema nisiwe na hofu, ninazo siku tatu za kulirudisha nikijuta. Kinachonichanganya ni bosi wangu, Mzungu. Ndiye mwenye kampuni, pesa anazo, lakini anaendesha pikapu iliyochubuka rangi. Nichukue au nisichukue?

JIBU:

Marahaba, mdogo wangu. Wengi wangekufariji kwa kukuambia kwamba hayo ni mawazo yenu tu. Mimi nitakuambia ukweli: ndiyo, Marekani watu wanampima mtu kwa gari, na shemeji hajaota. Mlinzi wa geti, mhudumu wa hoteli, wazazi wanaosubiri watoto nje ya shule, wote wanalitazama gari kabla ya kumtazama aliyemo. Ila kipimo hicho hakifanyi kazi namna wenzako wanavyokueleza, na pikapu ya bosi wako ndiyo ushahidi.

Fikiria Tanga kwanza. Ukipita Ngamiani kwa baiskeli, watu wanajua wewe ni mtoto wa nani, umesoma wapi, umeoa kwa nani. Baiskeli haikupunguzii kitu kwa sababu heshima yako imekutangulia mtaani. Arlington hakuna anayemjua babu yako. Mji huo una karibu watu 400,000, na kwa miaka mingi ulitajwa kuwa mji mkubwa kuliko yote Marekani usio na mabasi ya kawaida ya umma. Watu hawakutani barazani wala kituoni, wanakutana kwenye taa za barabarani, kila mmoja ndani ya vioo vyake. Na zaidi ya kaya tisa katika kila kumi Marekani zina gari angalau moja, kwa hiyo kuwa na gari peke yake hakumwambii mtu lolote. Kinachobaki kusema ni gari gani.

Hali hii ina watu walioitengeneza, na majina yao yanajulikana. Mwaka 1908 Henry Ford alitoa Model T kwa bei ya kama dola 850. Alipoanza kuunda magari kwenye mstari unaosogea, mwaka 1913, bei ikazidi kushuka, hadi mwaka 1925 Model T ya bei nafuu kabisa ikauzwa dola 260. Kufikia 1927 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 15. Mkulima na daktari wakawa wanaendesha gari lilelile, tena kwa zaidi ya miaka kumi lilitoka kwa rangi nyeusi tu.

Alfred Sloan wa General Motors akaona mwanya hapo. Hakushindana na Ford kwa bei. Aliyapanga magari ya kampuni yake kama ngazi: Chevrolet chini, kisha Pontiac, Oldsmobile, Buick, na juu kabisa Cadillac. Kauli yake ya 1924 ilikuwa gari kwa kila mfuko na kila kusudi. Mtu akipandishwa cheo, majirani walijua bila kuambiwa, kwa kuona Buick imelala pale ilipokuwa ikilala Chevrolet. Mwaka 1927 kampuni ikamwajiri Harley Earl, fundi wa maumbo kutoka California, na sura za magari zikaanza kugeuzwa mwaka hadi mwaka ili la mwaka jana lionekane limezeeka hata kama injini ni ileile. Yale mapezi ya nyuma ya Cadillac, yaliyoanza 1948, yaliigwa kutoka ndege ya kivita ya P-38. Kufikia 1959 yalikuwa yamepanda kama pezi la papa, na hayakuwa na kazi nyingine yoyote isipokuwa kuonekana.

Ngazi ya namna hiyo haipandiki bila mkopo. General Motors ilikuwa na kampuni yake ya kukopesha wanunuzi tangu 1919. Ford, aliyeyachukia madeni, alijaribu njia ya kibubu mwaka 1923: mteja aweke dola 5 kila wiki, akitimiza bei ndipo akabidhiwe gari. Haikufaulu. Watu walitaka kuondoka nalo siku hiyohiyo. Kwa hiyo shemeji anaposhuka kwenye Corolla akasikia uso unamwaka, ajue kwamba hisia hiyo iliwekewa mipango na watu wenye ofisi na mishahara, karibu miaka mia moja iliyopita, na bado inawalisha warithi wao.

Hata hivyo sitaki umkebehi. Kuna sehemu ya historia hii inayotuhusu sisi watu Weusi kwa karibu, na wanaowacheka wenye magari ya kifahari huiruka. Tangu 1934 serikali ya Marekani ilidhamini mikopo ya nyumba, lakini mitaa ya watu Weusi ilitiwa rangi nyekundu kwenye ramani na kunyimwa udhamini. Daktari Mweusi mwenye pesa benki hakuruhusiwa kununua nyumba kwenye mtaa mzuri. Kule kusini akipanda basi aliamriwa kukaa nyuma. Gari lilikuwa kitu kikubwa pekee alichoweza kukinunua kikawa chake, na ndani yake hakuna aliyemwambia hama kiti. Hata hilo lilikuwa na vikwazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Cadillac haikutaka kuwauzia watu Weusi, na Nicholas Dreystadt, aliyesimamia matengenezo katika kampuni hiyo, akagundua kwamba matajiri Weusi walikuwa wanawalipa Wazungu ili wawanunulie kwa majina yao. Akawaendea wakubwa, akawaambia kwa nini faida hiyo iende kwa madalali. Wakakubali kuuza. Na mwaka 1936 mpeleka barua aliyeishi Harlem, mtaa wa watu Weusi jijini New York, Victor Hugo Green, alianza kuchapisha mwongozo wa hoteli, vituo vya mafuta na nyumba ambamo msafiri Mweusi angepokelewa bila kufukuzwa. Kwa watu hao gari zuri lilikuwa sitara. Kulitamani halikuwa jambo la kijinga, na wewe kutamani si ujinga pia.

Sasa nikupe ufunguo wenyewe. Mwaka 2009 wachumi watatu, Kerwin Kofi Charles, Erik Hurst na Nikolai Roussanov, walichapisha utafiti kuhusu matumizi ya vitu vinavyoonekana: nguo, vito na magari. Waliona kwamba kwa kipato kilekile, Wamarekani Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walitumia zaidi kwenye vitu hivyo kuliko Wazungu. Wengine wangeishia hapo na kusema ni tabia ya watu hao. Wao walichimba zaidi, wakakuta kwamba kinachosukuma ni kipato cha wastani cha kundi ambalo watu wanakuhesabu humo. Hata Wazungu wanaoishi kwenye majimbo ambako Wazungu wenzao ni maskini wanafanya vivyo hivyo. Mgeni asiyekujua anakukadiria kwa wastani wa wanaofanana nawe. Kama wastani huo uko chini, unajikuta unalipia kitu cha kumwambia: mimi sipo huko.

Mrudie bosi wako na kanuni hiyo mkononi. Mzungu mwenye kampuni, jina lake limeandikwa kwenye fulana zenu, benki inamjua, wauza mabati wanamjua. Nani atamdhania maskini? Sam Walton, mwanzilishi wa Walmart, aliendelea kuendesha pikapu yake ya Ford ya 1979 hata baada ya kutajwa kuwa tajiri namba moja Marekani katikati ya miaka ya 1980. Watu waliisifu kwa sababu walishajua nani yumo ndani. Pikapu kuukuu kwa mtu kama huyo ni cheo cha aina yake. Kwa hiyo anayekuambia uige matajiri, uendeshe gari kuukuu na utaheshimiwa, naye hajakwambia kweli yote. Wewe na bosi mkiendesha pikapu pacha, mgeni atawasoma tofauti. Hilo linauma, na nalisema kwa sababu umeuliza kwa moyo safi.

Lakini angalia pia hilo gari la Kijerumani linamwambia nani. Linamwambia mgeni, na mgeni yuko nawe kwa muda wa taa nyekundu. Hapo Texas halisemi hata lugha ya wenye mji: pikapu za Ford zimeongoza mauzo ya pikapu nchini tangu 1977, na ile yenye viti vya ngozi na jina la ranchi kubwa ya Texas, King Ranch, inauzwa zaidi ya dola 70,000. Polisi naye simhesabu. Wamarekani Weusi wengi watakueleza kwamba gari la fahari liliwafanya wasimamishwe zaidi. Wanaobaki ni wale wa ukumbini, Waswahili wenzako. Wao ndio waliokwisha kukujua. Wanajua ulichanga shilingi ngapi msiba ulipotokea na nani alikesha na maiti. Unataka kulipa miaka sita ili kuwathibitishia watu ambao hawakuhitaji uthibitisho.

Na hayo magari yao? Ukiona vyaelea, vimeundwa, na maegesho ya ukumbi wa harusi yameundwa kwa mikopo. Deni la magari la Wamarekani wote limepita dola trilioni 1.6. Wastani wa marejesho ya gari jipya umepita dola 700 kwa mwezi. Gari unaliona, kitabu cha marejesho hukioni, na kosa letu sote ni kulinganisha kitabu chetu na rangi ya gari la mwenzetu.

Tuje kwenye hesabu yako. Dola 38,000 kwa asilimia 14, miezi 72, ni marejesho ya karibu dola 783 kila mwezi. Ukimaliza utakuwa umelipa kama dola 56,400, yaani riba peke yake ni zaidi ya dola 18,000. Hapo sijagusa bima, ambayo itapanda, wala mafuta ya daraja la juu ambayo injini hizo hudai, wala spea zake dhamana ya kiwanda ikiisha, na gari la miaka mitatu dhamana iko ukingoni. Dola 783 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya unachomtumia mama. Mwezi mvua ikinyesha wiki mbili msipande mapaa, nani atangoja, yadi au mama? Yadi haingoji. Najua wewe ungemkata nani.

Najua kwa sababu nilikaa upande wa pili wa meza. Nilifanya kazi miaka sita kwenye yadi hapa Texas, miwili ya mwisho katika ofisi ya fedha. Tulikuwa na karatasi tunayoigawa miraba minne kwa kalamu nene. Mraba mmoja bei ya gari, wa pili thamani ya gari lako la zamani, wa tatu kianzio, wa nne marejesho ya mwezi. Mteja akitoa macho kwenye mraba wa nne tu, kazi imekwisha. Akisema 600 siwezi, unamwambia nipe dakika tano, unaenda nyuma, unarefusha miezi kutoka 60 hadi 84, unarudi na 520 umeizungushia duara. Anashukuru. Riba nayo ina siri yake: benki ikikubali mkopo kwa asilimia 11, ofisi ya fedha mara nyingi inaruhusiwa kukuandikia 13 na yadi ikapata mgawo wa tofauti. Kwa hiyo hiyo 14 yako huenda si bei ya benki.

Kuna kijana mmoja kutoka Lubumbashi alifurahi mno kukuta mtu wa Kiswahili kwenye dawati lile. Hakuuliza bei hata mara moja. Aliuliza, kaka, kwa mwezi ni ngapi? Nikamfanyia ule ule mchezo wa miezi. Baada ya miezi mitano gari lilirudi limeburutwa na lori la kuvutia. Mimi ndiye niliyetumwa kulikagua. Kiti cha mtoto kilikuwa bado kimefungwa mkanda nyuma, na mfukoni mwa mlango wa dereva kulikuwa na risiti za kutuma pesa nyumbani, ya kwanza dola 200, inayofuata 100, ya mwisho 40. Ndiyo maana leo najibu barua kama yako.

Katika majimbo mengi, Texas ikiwemo, ukichelewa marejesho mwenye mkopo anaweza kuja kulichukua gari usiku bila kwenda mahakamani, mradi asivunje amani. Kisha analiuza mnadani kwa bei ya kutupa, na tofauti iliyobaki wanakudai wewe. Unabaki na deni bila gari.

Rafiki yako kuhusu siku tatu amekosea, na kosa hilo limewaponza wengi. Sheria ya shirikisho ya siku tatu inahusu mauziano kama ya watu wanaokuja kukuuzia nyumbani. Gari ulilosaini kwenye yadi ni lako ukishaweka kalamu chini, isipokuwa yadi yenyewe imeandika kwenye mkataba kwamba unaweza kurudisha. Mwingine atakuambia mkopo mkubwa unajenga krediti, yaani rekodi yako ya kulipa madeni. Kinachojenga ni kulipa kwa wakati, na mkopo mdogo unaolipwa kwa wakati unaijenga vizuri tu.

Una njia gani basi? Ya kwanza ni kubaki na Corolla. Gari lisilo na deni, spea zake kila kona, fundi yeyote analijua. Tenga kila mwezi nusu tu ya yale marejesho, dola 390, na baada ya mwaka una zaidi ya dola 4,600 mkononi. Lisafishwe, lipigwe polishi, taa za mbele zilizofifia zing'arishwe, viti vioshwe. Usilidharau hilo, gari safi linabadilisha namna mtu anavyoshuka.

Ya pili, na kwa hali ya nyumba yenu ndiyo naiegemea, ni gari la kati. Mkeo anarudi kazini alfajiri, hoja yake ya kutaka gari jipya zaidi inaweza kuwa na usalama ndani yake pamoja na aibu, na hujamuuliza. Nenda kwanza kwenye chama cha akiba na mikopo, vile vinavyofanana na Saccos zetu. Vile vya shirikisho vina ukomo wa riba wa asilimia 18, na kwa kawaida vinatoza chini ya yadi. Tuseme ukapata dola 14,000 kwa asilimia 9, miezi 48. Marejesho ni karibu dola 348, na riba yote haifiki dola 2,800. Ingia yadi na barua ya mkopo mfukoni, zungumzia bei ya gari tu, mraba wa nne waachie wenyewe. Kabla ya kulipa, mpelekee fundi asiyehusiana na yadi alikague.

Ya tatu ni kuchukua hilo la Kijerumani. Sikukatazi milele. Ukiwa na kianzio cha kama robo ya bei, riba imeshuka kwa sababu krediti imepanda, na mna akiba ya miezi mitatu ya kula na kodi ya nyumba, lichukueni na mlifurahie bila kumwomba mtu radhi. Leo hakuna hata kimoja kati ya hivyo kwenye barua yako. Kukodi kwa miaka mitatu usikufikirie, mikataba hiyo ina ukomo wa maili na ninyi mnaendesha sana.

Kaa na shemeji siku asiyo na zamu, mwonyeshe hesabu hii, lakini muulize kwanza aibu inamkamata wapi hasa. Huenda kuna mtu mmoja alisema neno moja. Kama mazungumzo yanageuka ugomvi kila mara, tafuteni mshauri wa mikopo wa shirika lisilo la faida, mkae naye ana kwa ana. Mashirika hayo yapo Dallas na Fort Worth, na kikao cha kwanza mara nyingi hakilipiwi. Kama utakuwa umeshasaini ulipoisoma barua hii, mpelekee mshauri huyo mkataba wote, kila ukurasa. Ukiona utachelewa rejesho, mpigie mwenye mkopo kabla ya tarehe, usingoje wakupigie. Gari likishachukuliwa, au ukiitwa kusaini upya kwa sababu "mkopo haukupita", usisaini peke yako; nenda ofisi ya msaada wa sheria siku hiyohiyo.

Jambo moja zaidi, na hili lifanye hata kama hufuati ushauri wangu mwingine. Corolla za miaka ya 2009 hadi 2013 zilihusishwa na mwito wa kurekebisha mifuko ya hewa ya Takata, ile ambayo inaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Kesho kabla ya kuondoka, chungulia kwenye kioo cha mbele, chini upande wa dereva. Kuna bamba dogo lenye namba ya chasi, herufi na tarakimu 17. Iandike, uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani. Ikitokea kwamba gari lako bado halijarekebishwa, wakala wa Toyota atakurekebishia bure, na mpaka hapo shemeji akae kiti cha nyuma.